Sikukuu Chini ya Mashua Mbili

Wanangu, najua wamo miongoni mwenu waliowahi kula sikukuu mbali na kwao. Yupo mwanafunzi wa bweni aliyekosa nauli akabaki shuleni Krismasi nzima, yeye na wenzake wachache na mlinzi wa getini. Yupo kaka au dada aliyekwenda kusoma Urusi au Uchina, Idi ikamkuta huko, nje theluji, ndani wamebanana Mtanzania, Mkenya na Mkomoro wakibishana pilau inatiwa bizari nyembamba kiasi gani. Anayeijua hali hiyo atakwambia kwamba kipande kigumu ni asubuhi. Unaamka husikii takbiri za mtaani kwenu wala kengele ya kanisa lenu, na hakuna anayekuhimiza ukakoge uvae nguo mpya. Siku yenyewe inataka kupita hivi hivi. Ikiwa sikukuu itakuwepo, basi ninyi mlioko pale ndio mtakaoifanya iwepo.

Leo nawasimulia watu walioifanya kazi hiyo mahali pagumu kuliko pote ninapopafahamu. Haya yametokea kweli, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wenyewe waliandika shajara zao kila siku. Ndiyo maana tunajua hata walichokula.

Lakini kwanza niwaeleze sikukuu yenyewe, maana huenda hamjaisikia. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea jua lenye adabu. Ukienda Nanyuki, pale mstari wa ikweta unapopita, jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili unusu asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili unusu jioni, iwe Januari, iwe Juni. Kwingine duniani si hivyo. Dunia yetu imeinama, kiasi cha nyuzi 23 na nusu, na huku imeinama hivyo hivyo inalizunguka jua mwaka mzima. Miezi fulani upande wa kaskazini unalielekea jua, miezi mingine upande wa kusini. Ifikapo tarehe 21 au 22 Juni, ncha ya kusini ndipo inapokuwa imelipa jua kisogo kabisa. Na huko kusini kabisa lipo bara linaloitwa Antaktika, bara la barafu, ambako katika sehemu nyingi jua huaga na kutoweka kwa wiki au miezi. Ukiamka ni usiku. Ukila chakula cha mchana ni usiku.

Basi siku hiyo ya katikati ya giza imekuwa sikukuu kubwa ya bara hilo. Haina dini wala kabila. Watu wanafurahi kwa sababu moja tu: kuanzia kesho yake, jua limeshaanza safari ya kurudi, hata kama bado hawalioni. Mwaka 1911, katika nyumba ya mbao ya Nahodha Scott, Mwingereza, bwana mmoja mfupi aitwaye Bowers alitengeneza mti wa sikukuu kwa fimbo na vipande vya mianzi, akafunga manyoya ya ndege kwenye kila tawi, akatundika mishumaa na peremende. Zawadi zilikuwa zimetumwa kutoka nyumbani kitambo, zikafichwa. Mmoja wao, askari wa farasi aitwaye Oates, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alipata bunduki ya kuchezea. Jioni nzima akawa anawalenga wenzake na kuwaamuru waanguke chini, nao wakaanguka.

Hao walikuwa na nyumba, taa na akiba ya chakula. Ninaotaka kuwasimulia hawakuwa na hivyo.

Mwaka 1914 mtu wa Ireland aitwaye Ernest Shackleton alikusanya watu ili wavuke bara la Antaktika kwa miguu, kutoka bahari hadi bahari, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Meli yao iliitwa Endurance. Walikuwa watu 28 jumla, na mmoja wao hakualikwa. Huyo ni kijana wa Wales, Perce Blackborow, aliyezamia meli kule Buenos Aires. Rafiki zake wawili walimficha kwenye kabati la nguo hadi bandari ilipopotea machoni. Shackleton alipomwona alimfokea vibaya sana, kisha akamwambia kwamba safari hizi zikifikia njaa, mzamiaji ndiye wa kwanza kuliwa. Halafu akampa kazi jikoni. Mshikeni kijana huyu, tutamhitaji.

Tarehe 5 Desemba 1914 waliondoka kisiwa cha South Georgia wakielekea kusini. Bahari ilijaa vipande vya barafu, vikubwa vingine kuliko uwanja wa mpira, na mnamo katikati ya Januari 1915 vipande hivyo vikaizingira meli na kugandamana. Endurance ikashikwa. Haikwenda mbele wala nyuma. Ilichukuliwa na barafu popote barafu ilipokwenda, na mwanzoni mwa Mei jua likazama lisirudi hadi mwisho wa Julai.

Ndipo sikukuu yao ya kwanza ilipowakuta, tarehe 22 Juni 1915. Ndani ya meli walikuwa wamehamia sehemu ya chini yenye joto, wakaibatiza Ritz, jina la hoteli ya kifahari ya London. Mpiga picha wao, Frank Hurley, akaipamba kwa bendera, akajenga jukwaa dogo na kuliwashia taa za gesi. Kisha kila mwenye uwezo wa kuchekesha akapanda jukwaani. Mwanafizikia James, kijana makini aliyetoka Chuo Kikuu cha Cambridge, alijigeuza profesa wa Kijerumani akatoa mhadhara mrefu usioeleweka. Daktari McIlroy alijivika mavazi ya binti wa Kihispania. Mtunza stoo Orde-Lees alitokea kama mhubiri na kuwaonya wote juu ya dhambi zao. Saa sita ya usiku wakala, wakaimba wimbo wa mfalme wao, wakalala. Nje ya mbao za meli, barafu ilikuwa inasaga meno.

Barafu hiyo ndiyo iliyoshinda. Iliibana meli hadi mbao zikaanza kupasuka, na tarehe 27 Oktoba 1915 wakalazimika kuihama na kupiga mahema juu ya bahari iliyoganda. Tarehe 21 Novemba Endurance ikazama. Ililala huko chini miaka 106. Machi 2022 wataalamu waliosafiri kwa meli ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II, waliikuta kwenye kina cha mita 3,008, na jina lake bado linasomeka nyuma.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hulipenda sana. Walipoihama meli, Shackleton aliamuru kila mtu abebe vitu vyake visivyozidi kilo moja hivi. Ili kuonyesha mfano, alitoa mfukoni sarafu za dhahabu akazitupa kwenye theluji. Dhahabu! Lakini kabla meli haijazama akahakikisha kitu kimoja kimeokolewa, kizito kuliko ruhusa ya mtu yeyote: banjo ya Leonard Hussey, mtaalamu wa hali ya hewa. Banjo ni ala ya nyuzi yenye tumbo la ngozi lililowambwa, na Hussey mwenyewe hakujua nyimbo nyingi za kuipigia. Shackleton alisema itawafaa kama dawa ya kutia nafsi nguvu. Leo banjo hiyo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya bahari kule Greenwich, London, na kwenye ngozi yake wamo wasafiri waliotia sahihi.

Krismasi ya mwaka 1915 ilikuja kabla ya siku yake. Shackleton alikuwa ameamua waanze kutembea kuelekea magharibi wakiburuta mashua zao, na vyakula vitamu vilivyokuwa vimebaki havikuweza kubebwa vyote. Kwa hiyo akatangaza kwamba Krismasi ni tarehe 22 Desemba. Wakala dagaa waliohifadhiwa kwenye mafuta, maharage, na nyama ya sungura ya kopo, vyote kwa pamoja, kila mtu hadi akasema basi. Ilikuwa mara ya mwisho kushiba namna hiyo kwa miezi minane. Krismasi ya kalenda ilipowadia walikuwa wamejifunga kamba vifuani, wanavuta mashua kwenye barafu iliyolainika, miguu inazama hadi magoti.

Wapo watakaosema sikukuu iliyohamishwa tarehe si sikukuu. Mimi siwaungi mkono. Mama muuguzi mwenye zamu ya usiku siku ya Idi anakula Idi na watoto wake kesho yake, na baharia anakula Krismasi meli inapotia nanga. Watu wakikubaliana kwamba leo ndiyo siku, wakavaa, wakapika, wakakaa pamoja, basi siku imepatikana.

Kule kwenye barafu watu wa Shackleton walikuwa pia na desturi moja ya kugawa chakula. Kila hema lilipata mgao wake, na wenye njaa huangaliana sahani, mnajua wenyewe. Basi mmoja aligeuka asione, mwenzake akaonyesha sahani moja kwa kidole na kuuliza, “Ya nani?” Aliyegeuka akataja jina lolote lililomjia. Sahani ikienda kwa huyo, kubwa au ndogo, neno limekwisha. Jaribuni nyumbani siku ya kugawana keki, mtaona kelele zinavyopungua.

Aprili 1916 barafu ilipasuka chini ya miguu yao. Wakaingia kwenye mashua tatu, watu 28, wakakaa baharini karibu wiki moja, maji ya chumvi yakiganda kwenye nguo zao. Tarehe 15 Aprili wakafika Elephant Island, kisiwa cha mawe na barafu kisicho na mti hata mmoja wala mwenyeji. Miguu yao haikuwa imekanyaga ardhi tangu South Georgia.

Hakuna meli iliyokuwa ikipita huko. Hakuna aliyejua walipo, na redio ya kupeleka habari hawakuwa nayo. Kwa hiyo tarehe 24 Aprili Shackleton na wenzake watano wakapanda mashua iliyo imara zaidi, James Caird, yenye urefu wa mita saba hivi, wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kurudi South Georgia kutafuta msaada. Safari hiyo ina kisa chake kirefu na nitawasimulia siku nyingine. Leo tubaki kisiwani na watu 22 walioachwa, chini ya uangalizi wa Frank Wild.

Wild alikuwa mtu mdogo wa umbo, mpole wa sauti, na alishakwenda Antaktika mara kadhaa kabla ya hapo. Upepo ulikuwa umeyachana mahema. Wakajenga kuta mbili za mawe za kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, wakazifunika kwa mashua mbili zilizobaki, zimelazwa kifudifudi ubavu kwa ubavu, na pembeni wakaning'iniza vitambaa vya mahema kuzuia upepo. Hiyo ndiyo nyumba. Mtu mzima hakuweza kusimama wima humo. Wengine walilala juu, kwenye mbao za kukalia za mashua, wengine chini kwenye kokoto zilizochanganyika na mavi ya pengwini. Jiko liliwaka kwa shahamu ya sili na ngozi za pengwini, moshi ukawatia masizi hadi hawakutambulikana. Taa walizitengeneza kwa makopo ya samaki: mafuta ya sili ndani, utambi wa bendeji ya hospitali.

Chakula ni sili na pengwini. Asubuhi pengwini, jioni sili. Kukibadilika, jioni pengwini. Mpishi wao, Charles Green, alipika kila walichomletea.

Na yule kijana mzamiaji? Blackborow aliletwa kisiwani akiwa hawezi kusimama. Baridi ya kwenye mashua ilikuwa imeua nyama ya vidole vya mguu wake wa kushoto, navyo vikawa vyeusi. Madaktari wawili, McIlroy na Macklin, waliona visipokatwa vitamuua. Walikuwa na klorofomu kidogo ya kumlaza usingizi. Tarehe 15 Juni watu wengi wakatolewa nje, jiko likachochewa kwa ngozi za pengwini hadi kibanda kikapata joto, vyombo vikachemshwa kwenye sufuria ya kupikia, na McIlroy akavikata vidole vyote vitano. Blackborow alipozinduka, walioandika shajara wanasema, alitabasamu na kuomba sigara.

Wiki moja baadaye ikafika tarehe 22 Juni, sikukuu ya katikati ya giza. Elephant Island haiko kusini sana kiasi cha kukosa jua kabisa. Mwanga ulikuwepo kwa saa chache tu za mchana, mara nyingi nyuma ya mawingu. Lakini siku waliijua, na walikuwa wakiisubiri.

Asubuhi Green aliwapa supu nzito ambayo haikunuka pengwini. Ilitengenezwa kwa chakula cha safari: nyama kavu iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta na shayiri. Chakula hicho kilikuwa kimewekwa akiba kwa ajili ya siku hiyo. Mchana kukawa na pudini: biskuti zilizopondwa zikachemshwa pamoja na vipande vya chakula cha njugu ambavyo vilikuwa vimeota ukungu. Ukungu haukumzuia mtu. Jioni wakapata mchuzi wa sili, nyama imekatwa vipande vidogo vidogo kwa uangalifu, na ndani yake kimetiwa kitu adimu pale kisiwani, sukari.

Baada ya kula walichanganya kinywaji: maji ya moto, tangawizi, sukari, na kijiko kidogo cha spiriti ya kuwashia jiko. (Hilo msilijaribu kamwe. Spiriti hiyo ni sumu, hupofusha macho na huua.) Wakainua vikombe kumtakia heri mfalme wao, wakaishangilia safari ya jua kurudi, kisha wakawaombea mema Bosi, ndivyo walivyomwita Shackleton, na wenzake watano waliokwenda na James Caird. Fikirini hapo kidogo. Miezi miwili karibu ilikuwa imepita tangu mashua ile iondoke, na hakuna kati yao aliyejua kama imefika au imezama.

Kisha Hussey akachukua banjo.

Karibu kila Jumamosi usiku walikuwa na tafrija ya namna hiyo, na kanuni yake ilikuwa utani. Kila mmoja alitunga wimbo wa kumsema mwenzake: anavyokoroma, anavyokula, anavyokwepa zamu ya kuondoa theluji. Aliyesemwa akinuna, basi wiki ijayo anatungiwa mwingine mkali zaidi. Ninyi mliokulia kwenye utani mnaelewa mara moja kinachofanyika hapo. Watu 22 waliobanwa chini ya mashua mbili, wenye njaa na masizi, wana magomvi tele. Kulikuwa na msomi wa Cambridge na mvuvi wa Bahari ya Kaskazini. Orde-Lees aliwaudhi wengi. Hawakuchaguana. Jambo ambalo lingeweza kusemwa kwa ngumi likasemwa kwa wimbo, mbele ya wote, na yeye anayesemwa akalazimika kucheka.

Burudani yao nyingine ilikuwa ya mateso kidogo. Mchoraji Marston alikuwa na kijitabu cha mapishi cha bei ndogo. Alisoma pishi moja tu kwa usiku mmoja, ili kitabu kisiishe haraka, na watu wakalijadili kwa uzito mkubwa: hapo siagi imezidi, hapo angeongeza zabibu kavu. Siku nyingine waliulizana kila mtu angetamani kula nini kuliko vyote. Karibu wote walitaja vitu vitamu na vya ngano. Mwili unaolishwa nyama na mafuta tupu kwa miezi hulilia sukari na wanga. Wild alitaka pudini ya tofaa na malai. Greenstreet, baharia, alitaka pudini ya Krismasi. Daktari Macklin alitaka mayai ya kuvuruga juu ya mkate uliochomwa. Zamu ikafika kwa Blackborow, kijana wa vidole vilivyokatwa. Alisema mkate na siagi.

Mara nyingi nimewaza kuhusu ile akiba ya siku ya sikukuu. Chakula kile kilikuwepo Mei, njaa ilikuwepo Mei, na watu wazima 22 walilala usiku baada ya usiku karibu na sanduku wakijua kilichomo. Kukifungua kungekuwa rahisi. Nani angewalaumu? Wild hakukifungua. Alijua kwamba mtu anayesubiri asichokijua, meli ambayo huenda haiji, huvunjika moyo, lakini ukimpa tarehe moja ambayo ina uhakika, akaweza kusema zimebaki siku kumi, zimebaki tisa, atafika. Meli Wild hakuwa nayo. Pudini yenye ukungu alikuwa nayo, akaipangia siku. Huo kwangu ni uongozi mkubwa kuliko wa kutoa amri kwenye dhoruba, na hauhitaji uwe nahodha. Mwanafunzi anayebaki bwenini na wenzake, akaweka pembeni nusu paketi ya sukari na sabuni ya kufulia shuka kwa ajili ya siku ile, anafanya jambo hilo hilo.

Wild alikuwa na desturi nyingine. Kila asubuhi bahari ilipoonekana haina barafu nyingi, aliwaamsha watu akiwaambia wakunje mifuko yao ya kulalia, huenda Bosi akaja leo. Siku zilipita zikawa wiki, wengine wakaanza kuchoshwa na maneno hayo, naye hakuacha.

Na Shackleton alikuwa anakuja. Alifika South Georgia hai, na tangu Mei alikuwa akihangaika kupata meli. Alijaribu na meli ya kwanza, barafu ikamrudisha. Akajaribu na ya pili, iliyotolewa na serikali ya Uruguay, akaona kisiwa kwa mbali, akarudishwa. Ya tatu nayo ikashindwa. Ya nne ilikuwa meli ndogo ya serikali ya Chile, Yelcho, ambayo haikuundwa kwa ajili ya barafu hata kidogo, chini ya nahodha Luis Pardo.

Tarehe 30 Agosti 1916 kisiwani walikuwa wamekaa kula chakula cha mchana. Marston akiwa nje akaiona meli, akapiga kelele. Watu wakatoka mbio, wengine wakapita kwenye kuta za kitambaa badala ya mlangoni, sufuria ikapinduka. Walikuwa na bendera lakini imeganda, haikukunjuka, ikabidi wapandishe sweta la mtu mlingotini. Shackleton aliwahesabu kwa mbali, mmoja mmoja, kisha mashua yake iliposogea akauliza kwa sauti kama wote wako salama. Wakamjibu wako salama. Wote 22, na Blackborow alikuwa ametolewa nje akaione meli ikija. Ndani ya saa moja hivi kisiwa kikabaki na pengwini wake.

Siku nne baadaye, tarehe 3 Septemba, Yelcho ilikaribia Punta Arenas, mji ulio kusini mwa Chile. Shackleton alishuka kwanza njiani akapiga simu kuwaarifu wenyeji kwamba wanakuja, ili mji ujiandae. Wenyeji hawakutaka mtu hata mmoja apitwe na habari hiyo. Meli zilizokuwa bandarini zikapamba milingoti kwa bendera, polisi wakapita wakitangaza, na kwa kuwa bado waliogopa wapo ambao habari haijawafikia, wakagonga kengele ya moto. Mji mzima ukatoka mitaani kuwapokea watu wenye nywele ndefu na nyuso nyeusi kwa masizi, ambao hawakuwa ndugu zao wala hawakuwajua majina, na sherehe ikaanza papo hapo.